Kunyoosha meno: ni urembo au ni tiba ya fizi?

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (SW), Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, masahaba wake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Mwisho.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo ninajibu swali ambalo niliwahi kulijibu vibaya. Aliyeniuliza alikuwa jirani yangu. Tulikuwa tumetoka kuswali Isha, akanishika mkono pale mlangoni pa msikiti, viatu vyake akiwa bado amevishika. Akanieleza kwamba binti yake, aliyekuwa na umri wa miaka 13, amepelekwa hospitali kwa sababu fizi ya jino moja la chini inashuka, na daktari amependekeza atiwe nyaya za kupanga meno. "Sheikh wangu, jambo hili linajuzu?" Nikamjibu palepale kwamba Mtume (SAW) amewalaani wanawake wanaotengeneza meno yao kwa kutafuta uzuri na kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu, basi amwache mtoto na meno aliyopewa na Mola wake. Akanishukuru, akavaa viatu, akaenda zake. Mazungumzo yote hayakuchukua dakika mbili.

Ikapita miaka saba. Katika darsa ya akina mama ya Jumamosi, ambapo maswali huandikwa kwenye vikaratasi, nilifungua kikaratasi ambacho mwandishi wake anasema amepoteza jino la mbele la chini, lililegea kwa sababu ya fizi likang'olewa. Je, anaruhusiwa kuweka jino la bandia, au hilo nalo ni kubadilisha umbile? Chini ya swali ameongeza maneno manne: "Sheikh, mimi sikutaka urembo." Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Hadithi niliyoitumia siku ile ni sahihi, hilo halina shaka. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (RA), na ndani yake wametajwa wanaochanja miili, wanaong'oa nyusi, na wanaopanua nafasi baina ya meno. Sisi watu wa pwani tunaielewa vyema sehemu hii ya mwisho, kwani mwanya wa meno ya mbele ni sifa ya uzuri kwetu tangu zama za mabibi zetu, na hadi leo wapo wanaokwenda kwa mafundi kuchongwa mwanya ambao hawakuzaliwa nao. Baadhi ya makabila ya bara nayo yalikuwa na desturi ya kuchonga meno yakawa na ncha. Hayo ndiyo yaliyokatazwa. Lakini katika hadithi hiyo hiyo kuna neno moja la Kiarabu, lil-husn, yaani "kwa ajili ya uzuri", na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alilisimamia neno hilo katika sherehe yake ya Sahih Muslim. Alibainisha kuwa makatazo yamefungamana na kutafuta uzuri. Ama mwenye kuhitaji kufanya hivyo kwa ajili ya tiba, au kwa aibu iliyopo katika jino, hakuna ubaya. Kitabu hicho nimekisoma madrasa, nikakisoma tena chuo kikuu. Siku ile mlangoni nilikumbuka hadithi nikasahau sherehe yake, na kubwa kuliko yote, sikumuuliza yule baba daktari amesema nini hasa.

Abu Daud amepokea kisa cha msafiri mmoja aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawaoni ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (SAW) alighadhibika, akasema kwamba wamemuua, na akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Kisa hiki tumekisomesha mara nyingi katika mlango wa tayamamu, aghalabu tukiishia kwenye hukumu ya kupaka juu ya bandeji, tukawapita haraka wale waliotoa fatwa.

Basi nikaenda kuuliza. Nilikwenda kwa daktari wa meno, dada yetu mwenye ushungi wake, nikamweleza habari yote bila kujificha. Alinisikiliza, akachukua kalamu, akachora meno mawili.

Alianza na ukoga. Kila baada ya kusafisha kinywa, vijidudu huanza kujenga upya utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na fizi. Utando huo ukiachwa, mwili hupambana nao, na dalili ya mapambano ni fizi kuvimba, kuwa nyekundu na kutoka damu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, katika chuo cha meno cha Aarhus, Denmark, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu 12 wenye fizi nzima. Waliwaambia waache kabisa kusafisha meno. Wote walipatwa na uvimbe wa fizi baina ya siku 10 na 21, na walipoanza tena kusafisha, fizi zao zikarejea katika hali yake baada ya siku chache. Kwa hiyo damu unayoiona kwenye mswaki asubuhi ni ugonjwa unaoweza kurudi nyuma. Lakini uvimbe ukidumu kwa miaka, kwa baadhi ya watu huteremka chini, ukaanza kula mfupa wa taya unaoshikilia mizizi ya meno. Mfupa ukishaliwa, kwa kawaida haurudi. Jino zima, lisilo na tundu hata moja, hulegea likatoka, kama nguzo iliyosombwa mchanga chini yake.

Wako watakaosema: babu yangu hakuwahi kumwona daktari wa meno na amezikwa na meno yake yote. Yawezekana. Löe huyo huyo na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi wanaume 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakupata tiba yoyote ya meno. Karibu wote walikuwa na ukoga mwingi. Hata hivyo asilimia 8 waliharibikiwa kwa kasi kubwa, asilimia 81 kwa kasi ya wastani, na asilimia 11 hawakuvuka uvimbe wa juu juu. Miili haikuumbwa na nguvu moja. Babu huenda alikuwa miongoni mwa wale 11. Mjukuu hana hati inayosema kuwa naye yumo.

Hapo ndipo linapoingia suala la mahali jino lilipokaa. Meno yaliyosongamana, moja limepanda juu ya bega la jingine, huacha vichochoro ambavyo nywele za mswaki hazifiki, na ukoga hukaa humo ukagandamana na kuwa mgumu kama chokaa. Daktari alisisitiza kwamba msongamano peke yake hauli fizi. Yuko mwenye meno yaliyopinda na fizi safi kwa sababu ana subira ya kusafisha kila kona, na yuko mwenye meno yaliyopangika kama punje za mahindi na fizi zinazonuka. Lakini kazi ya yule wa kwanza ni ngumu zaidi, na wengi hawaiwezi, watoto hasa.

Kuna hali nyingine ambazo mpangilio wenyewe hudhuru fizi, hata mtu asafishe vipi. Kuna wale ambao meno yao ya juu yamefunika ya chini kiasi kwamba wakifunga kinywa, meno ya chini huchoma nyama ya kaakaa. Wenye meno yaliyochomoza sana hawawezi kukutanisha midomo, hivyo hulala vinywa wazi, na fizi za mbele hukauka na kuvimba. Gego la mwisho likitokeza nusu na nusu likabaki chini ya fizi, mabaki ya chakula huingia chini ya ile nyama ukatunga usaha. Na jino liking'olewa, pengo likaachwa miaka, majirani zake huinama kuelekea pengo na lile la taya ya pili hushuka kulifuata, hapo pakawa mtego mpya wa chakula. (Na hapa niseme neno kwa akina mama wanaowapeleka watoto wachanga wakatolewe "meno ya plastiki" kwa kudhani ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Kinachochimbuliwa pale kwa ncha isiyo safi ni vichipukizi vya chonge za mtoto. Homa ina sababu yake nyingine, inabaki bila tiba, na wapo watoto waliopoteza maisha.)

Kisha akarejea kwenye yale meno mawili aliyoyachora. Binti wa jirani yangu alikuwa na jino moja la juu lililoota kwa ndani, hivyo alipofunga kinywa lilikaa nyuma ya jino la chini badala ya kukaa mbele yake. Kila tonge alilotafuna, jino la juu lililisukuma la chini kuelekea nje. Mfupa unaofunika meno ya chini kwa mbele ni mwembamba; jino likisukumwa, mfupa ule hupungua, na fizi ikikosa pa kuegemea huteremka, mzizi ukabaki wazi. Ukoga ukikaa hapo, uharibifu huenda mbio. Nikamuuliza tiba yake ingekuwa nini. Akasema kulirudisha lile jino la juu mahali pake, kazi ambayo kwa mtoto aghalabu si ndefu, na kwamba mara nyingi msukumo ukiondoka fizi hutulia, pengine ikapata nafuu yenyewe. Hakuniambia zaidi ya hayo, na mimi sikuwa na la kuongeza.

Sasa, ndugu msomaji, tusiruke kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nilipotoka pale nilitaka kuja kutangaza juu ya mimbari kwamba nyaya za meno ni tiba ya fizi, basi kila mwenye uwezo atie. Daktari ndiye aliyenizuia. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, wakiongozwa na Anne-Marie Bollen, walikusanya tafiti zilizolinganisha waliotiwa nyaya na wasiotiwa. Hawakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba nyaya, kwa ujumla wake, huziboresha fizi. Walichokiona ni madhara madogo: mfupa kupungua kwa milimita 0.13 zaidi, na vimfuko baina ya jino na fizi kuongezeka kina kwa milimita 0.23. Ni kiasi kidogo, lakini kinatosha kumnyima hoja anayetaka kujipamba huku akisingizia fizi. Nyaya zenyewe hushika chakula, na asiyesafisha mara mbili au tatu kwa siku kwa uangalifu atatoka na meno yaliyonyooka juu ya fizi zilizovimba. Jino likisogezwa nje ya mpaka wa mfupa wake, fizi yake inaweza kushuka hata kama awali ilikuwa salama. Na mwenye ugonjwa wa fizi unaoendelea hutibiwa kwanza fizi, ndipo meno yasogezwe, kwa sababu kulisogeza jino katikati ya uvimbe ni kuongeza kasi ya kuliwa kwa mfupa.

Tiba nyingine nazo zina pande mbili. Kujaza tundu ni jambo jema, lakini kijazo kikiachwa na ukingo uliozidi kati ya meno mawili, huwa rafu ya kuwekea ukoga. Jino likivishwa kofia ambayo ukingo wake umezamishwa mno chini ya fizi, fizi hiyo haitatulia. Bamba la meno ya bandia linalolala kinywani usiku na mchana hudhoofisha nyama iliyo chini yake. Haya hayaharamishi tiba. Yanaharamisha uzembe, na Mtume (SAW) amebainisha kuwa anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Mafundi wa vichochoroni wanaobandika vyuma vya rangi kwenye meno ya vijana kama pambo, bila hata kuangalia fizi, na walisikie hili.

Lipo lalamiko moja ninalolisikia sana, kwamba kukwanguliwa ukoga hospitalini kunalegeza meno. Ukweli ni kwamba ule ukoga mgumu ulikuwa umejaza mapengo na kuyaunga meno yaliyokwisha kulegea. Unapoondolewa, na uvimbe ukapungua, mtu huziona nafasi zilizokuwa zimefichwa akadhani zimechongwa jana. Wala kukwangua huku si uzushi wa kizungu. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki karibu na mwaka 1013, katika kitabu chake At-Tasrif alieleza jinsi ukoga mgumu unavyoganda juu ya meno na baina ya fizi ukayaharibu, akachora vyuma vya kuukwangulia, na akaagiza kazi irudiwe siku ya pili na ya tatu hadi usibaki. Meno yaliyolegea aliyafunga kwa uzi wa dhahabu yashikane na yaliyo imara. Imam Tirmidhi naye, miaka mia moja na zaidi kabla yake, alitaja kwamba wanazuoni kadhaa wamepokewa kuwa walifunga meno yao kwa dhahabu. Kumbe nyaya kinywani mwa Muislamu ni jambo la zamani, na walizitia wanaume wenye elimu na ndevu zao, kwa kuwa meno yalikuwa yanawatoka.

Tusisahau mswaki, ambao kwetu ni jina moja la kijiti cha Sunna na la brashi ya dukani. Mtume (SAW) aliupenda kiasi cha kusema kwamba lau si kuuonea huruma umma wake angeuamrisha katika kila Swala. Katika maradhi yake ya mwisho aliuangalia mswaki uliokuwa mkononi mwa shemeji yake Abdurrahman, Bibi Aisha (RA) akautwaa, akautafuna ukalainika, ndipo akampa. Angalia ule ulaini. Wengi wetu twasugua kwa kijiti kikavu kama tunayeondoa kutu kwenye sufuria, tukaparuza fizi mpaka mizizi ikaonekana. Nawawi, alipopendekeza namna ya kuupitisha mswaki, alitoa sababu kwamba fizi zisitoke damu. Madaktari wa leo wana maelekezo yao kuhusu namna ya kuupitisha, lakini wanalolichunga ni lile lile. Na wenye meno yaliyosongamana waongeze uzi wa meno au kibrashi chembamba, kwani kijiti hakiingii kati.

Turudi kwenye hukumu. Wanazuoni wa misingi ya sheria wanasema hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Pakiwepo madhara kwa fizi, kwa utafunaji au kwa matamshi, na daktari mjuzi na mwaminifu akathibitisha, kunyoosha meno ni tiba, wala mzazi asione haya kukutolea fedha. Pakiwepo kasoro ya wazi inayomfanya mtoto azibe mdomo kwa kiganja kila anapocheka, maneno ya Nawawi kuhusu aibu ya jino yanamhusu. Ama meno yaliyo sawa, yanayotafuna vizuri, katika fizi nzima, kisha mtu akataka yafanane na ya msanii fulani au yachongwe mwanya, huyo ndiye hadithi inayemzungumzia. Nyaya hazizuii udhu. Kusukutua katika madhehebu ya Shafii ni sunna, na wanaokuona ni wajibu, yatosha maji yazunguke kinywani.

Yule binti nilimjibu kwa maandishi, kwa kuwa sikutaka jambo lake lisomwe mbele ya darsa. Nilimweleza kisa cha Arfaja bin As'ad (RA), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha ikanuka, Mtume (SAW) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Ikiwa pua imeruhusiwa, jino halina shaka. Achague kwa ushauri wa daktari lile lisiloyaelemea majirani zake, na likiwa la kuvua alivue usiku. Nikamwomba msamaha. Kisha nikaenda kwa baba yake, nikamwomba yeye pia. Alinyamaza kitambo, akaniambia kwamba mdogo wake wa kiume, mwenye miaka tisa, meno yake ya mbele yameanza kukaa vile vile, nifanyeje Sheikh? Nikamwambia kesho asubuhi tutakwenda hospitali pamoja.

Wallahu aalam.